Kwa nini puto la nne halikulizidi la tatu

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari ya kata, nje kidogo ya mji wa Tabora. Nafundisha kidato cha tatu. Maabara yetu ina meza na mabomba makavu, basi. Wiki iliyopita nilichukua chupa tano za maji za nusu lita, kila moja nikatia mililita 100 za siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5. Ndani ya maputo nikatia bekingi soda kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa: nusu kijiko, kimoja, kimoja na nusu, viwili, viwili na nusu. Tukayavalisha maputo kwenye midomo ya chupa, tukayainua, soda ikaanguka, yakajaa. Tukapima mizingo kwa futi kamba ya fundi cherehani, tukapata sentimita 34, 43, 48, 49 na 48. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba kitendanishi kikomo, yaani kile kinachokwisha kwanza na kuusimamisha mmenyuko, ni kile chenye gramu chache. Binti mmoja akasimama: 'Mwalimu, siki ni gramu 100 na soda haifiki hata 12. Mbona basi soda ilipoongezwa puto halikukua?' Sikuwa na jibu. Mwenzake akadai soda yote imetumika, kwa kuwa hakuna unga chini ya chupa ya tano. Siku ya pili bekingi soda ikawa imetuishia, tukarudia kwa magadi ya sokoni. Maputo yakawa madogo, na la tano lilijaa kisha likasinyaa tunaliangalia. Nilikosea wapi, na nirudi darasani na maelezo gani?"

Marahaba, Mwalimu. Huyo binti mpe salamu zangu. Swali lake limegonga penyewe, na wewe umefanya jambo linalotushinda walimu wengi: hukumkalisha chini kwa ukali, umekwenda kutafuta jibu.

Jaribio lako halina kasoro ya kukunyima usingizi. Namba zako tano ni nzuri kuliko unavyozichukulia, nitakuonyesha. Kilichokosewa ni ile sentensi ya gramu chache. Wala hukuitunga wewe. Nimeikuta kwenye madaftari ya wanafunzi Kigoma, nimeikuta Kasulu, na miaka ya nyuma niliwahi kuifundisha mwenyewe kwa sauti kubwa. Inadumu kwa sababu mara nyingine inatoa jibu sahihi kwa bahati, na jibu la bahati halimshtui mtu.

Tuiweke kemia kando kidogo twende kwa wafungasha asali, maana ukiwa Tabora asali haiko mbali. Mama mmoja ana kilo 10 za chupa tupu za kioo na kilo 1 ya vifuniko. Ukifuata kanuni ya gramu chache, utamwambia vifuniko vitamwishia kwanza. Sasa hesabu: chupa moja ina gramu 200, kifuniko kimoja gramu 5. Ana chupa 50 na vifuniko 200. Chupa zitakwisha zote, na vifuniko 150 vitabaki kwenye ndoo havina wa kumfunika. Mizani haikudanganya, ila haikuulizwa swali lenyewe. Mfungashaji hafungi kilo kwa kilo, anafunga kimoja kwa kimoja.

Chembe nazo hukutana kwa idadi. Mmenyuko wako ni huu:

NaHCO₃ + CH₃COOH → CH₃COONa + H₂O + CO₂

Chembe moja ya soda kwa molekuli moja ya asidi, inatoka molekuli moja ya gesi. Hakuna gramu popote kwenye mstari huo. Gramu zinaingia baadaye, pale tunapotaka kuhesabu vitu visivyohesabika kwa vidole, na daraja letu ni moli, yaani fungu la chembe ambalo idadi yake ni ileile kwa kila kitu. Moli moja ya bekingi soda ina uzito wa gramu 84. Moli moja ya asidi ya siki ina gramu 60. Soda ni chupa, asidi ni kifuniko, ingawa hapa tofauti ya uzito si kubwa kama ya kioo na bati.

Turudi kwa binti na gramu zake 100. Siki yako ni asilimia 5, maana yake katika mililita 100 mna kama gramu 5 tu za asidi. Zilizobaki karibu zote ni maji, nayo hayachangii chembe hata moja ya gesi. Kwa hiyo ushindani haukuwa kati ya gramu 100 na gramu 12. Ulikuwa kati ya gramu 5 za asidi na gramu kadhaa za soda. Gawanya 5 kwa 60 upate moli 0.083. Hiyo ndiyo akiba ya asidi katika kila chupa, na haikubadilika kutoka chupa ya kwanza hadi ya tano.

Upande wa soda, kijiko changu cha chai kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu hubeba gramu 4.6 hivi. Chako kinaweza kuzidi au kupungua kidogo, lakini tukitumie hicho. Chupa ya kwanza ilipata moli 0.027 za soda, ya pili 0.055, ya tatu 0.082, ya nne 0.110, ya tano 0.137. Ziandike ubaoni kwa mstari, halafu juu yake andika 0.083 kwa chaki ya rangi nyingine. Huna haja ya kueleza zaidi. Chupa mbili za mwanzo soda iko chini ya asidi, kwa hiyo soda inakwisha na siki inabaki. Mbili za mwisho mambo yamegeuka. Ya tatu iko mpakani kabisa, karibu sare. Puto la nne halikulizidi la tatu kwa sababu asidi ilikuwa imeshatumika, na soda ya ziada ilifika sokoni wauzaji wameshafunga.

Ukitaka kuizika kabisa ile kanuni, wape darasa swali hili: gramu 6 za soda zinakutana na gramu 5 za asidi, kipi kinakwisha kwanza? Wote watasema asidi. Wagawanye: 6 kwa 84 ni 0.071, na 5 kwa 60 ni 0.083. Soda ina gramu nyingi zaidi na ndiyo inayokwisha. Usiseme neno, waache wabishane wenyewe.

Waone pia kwamba ukomo si tabia ya kitu. Wanafunzi hupenda kuuliza, "Kitendanishi kikomo ni siki au soda?" kana kwamba jibu liko kwenye lebo ya chupa. Siki ileile, soda ileile, na majibu yamegeuka kati ya chupa ya pili na ya nne. Ni hali ya mkutano ule, wa siku ile, kwa kiasi kile. Mkulima wa tumbaku au mahindi huko Urambo anaijua hali hii bila kuipa jina: shamba lenye njaa ya fosforasi halishibi kwa kuongezewa urea. Carl Sprengel aliliandika jambo hilo huko Ujerumani mwaka 1828, na Justus von Liebig ndiye aliyelieneza mpaka likabeba jina lake. Ila mfano huo usiuvute mbali. Mmea una hila zake za kujibana na kujitafutia, chupa yako ya siki haina hila yoyote.

Kuhusu yule aliyesema soda imekwisha kwa kuwa haonekani unga: mwambie ametumia macho vizuri, ila macho hayatoshi. Chupa ya tano ilipata gramu 11.5 za soda, na asidi ilikuwa na uwezo wa kumaliza 7 tu. Zimebaki gramu 4.5 hivi. Mililita 100 za maji ya joto la kawaida huyeyusha karibu gramu 10 za bekingi soda, na hata kama chumvi iliyokwisha kuundwa mle ndani inabana nafasi kidogo, gramu 4.5 zinaenea. Ipo, imeyeyuka. Sukari kwenye chai nayo haionekani, na hakuna anayesema imekwisha.

Njia ya kuithibitisha ni kuuliza kila chupa inataka nini. Ondoa maputo. Chota siki kidogo uimwagie chupa ya tano: ikichemka povu, soda ilikuwepo. Chukua ncha ya kijiko ya soda uitie chupa ya kwanza: ikichemka, asidi ilikuwepo. Kisha fanya kinyume chake, siki kwa chupa ya kwanza na soda kwa chupa ya tano, waone kimya. Kimya hicho kinafundisha kuliko povu. Mkiwa na choya iliyokaushwa, ile ya juisi nyekundu, ichemsheni na mtie matone machache: kwenye chupa ya kwanza itakaa nyekundu, kwenye ya tano itaacha wekundu wake na kuelekea zambarau na bluu.

Sasa mizingo yako. Hapa kuna mtego ambao hukuutaja, lakini naamini wanafunzi wameuona. Kutoka puto la kwanza hadi la pili mzingo umeongezeka sentimita 9, kutoka la pili hadi la tatu 5 tu. Soda imeongezwa kwa kiasi kilekile, nusu kijiko. Mtu ataona kama mmenyuko unachoka taratibu badala ya kukata ghafla. Hauchoki. Ni kwamba mzingo si ujazo. Puto likibeba gesi maradufu, mzingo wake hauzidi hata theluthi moja, kwa sababu limepanuka pande zote tatu kwa pamoja.

Dawa yake ni rahisi: zidisha mzingo kwa mzingo kwa mzingo, gawanya kwa 59, unapata ujazo kwa sentimita za ujazo, ukichukulia puto ni la mviringo. Namba zako zinageuka kuwa lita 0.66, 1.34, 1.87, 1.99 na 1.87. Tazama zilivyonyooka! Nusu kijiko cha kwanza kilileta lita 0.66, cha pili kikaleta 0.68. Cha tatu kilileta 0.53, kwa sababu mpakani mambo huwa mazito: asidi inakaribia kwisha, soda inakaribia kwisha, chembe zinatafutana kwa shida na gesi nyingine inasita kutoka majini. Baada ya hapo ni tambarare. Ile tofauti ya 48 na 49 isikusumbue, futi kamba juu ya mpira haiwezi kuamua sentimita moja. Chora grafu ya ujazo dhidi ya soda, si ya mzingo, na mstari utapanda kisha utapinda kama kiwiko. Pale kwenye kiwiko ndipo uwiano wa moja kwa moja ulipo.

Na hapo sitaki ushangilie mapema. Najua utafungua kitabu, utakuta kwamba moli moja ya gesi kwenye joto la chumba inachukua lita 24, utazidisha kwa 0.083, utapata lita 2.0, utaona puto lako la nne ni 1.99, na utarukaruka. Tulia. Hiyo 24 ni ya usawa wa bahari, na wewe huko si Dar es Salaam. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya huko inakandamiza kidogo kuliko ya pwani, kwa hiyo gesi inajinyoosha zaidi: moli moja kwenye nyuzi 25 inachukua karibu lita 28. Hata huku kwetu Kigoma, ziwa likiwa mita 773 juu ya bahari, ni kama lita 27. Puto lililofungwa barabara likipanda treni hapa kwenda kwako linafika limenenepa kidogo, ingawa kwa jicho hutalijua.

Kwa hiyo ulistahili lita 2.3 na umepata 2.0. Kama asilimia 14 imepotea. Imepotelea wapi? Nyingine imeyeyuka kwenye maji ya siki. Nyingine ilitoroka pale mlipokuwa mnahangaika na mdomo wa chupa. Soda nyingine imeganda kwenye mikunjo ya puto, na mpira wenyewe wa puto unaibana gesi. Na siki ya dukani si lazima ifike asilimia 5 kamili kwa sababu tu lebo imesema. Kulingana kwako na kitabu kulikuwa kosa mbili zilizokutana zikafutana. Waeleze wanafunzi hilo bila aibu. Mimi ningelitumia kipindi kizima.

Tuje kwenye magadi, ambako ndiko roho yangu iliko.

Magadi yale ya mawe ya kijivu tunayotilia maharage na mlenda si bekingi soda iliyochafuka. Ni kitu kingine. Kiini chake ni madini ya trona, ambayo ndani yake soda mbili zimeshikana: kaboneti ya sodiamu na haidrojeni kaboneti ya sodiamu (hii ya pili ndiyo bekingi soda yenyewe), pamoja na maji. Yakikutana na siki ya kutosha, mambo huenda hivi:

Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O + 3CH₃COOH → 3CH₃COONa + 2CO₂ + 4H₂O

Hesabu vizuri: asidi tatu, gesi mbili. Kwenye bekingi soda asidi tatu zingekupa gesi tatu. Kwa siki ileile, basi, magadi hata yakiwa safi hayawezi kukupa zaidi ya theluthi mbili ya gesi. Maputo yako yalikuwa madogo kwa sababu hiyo, na tena magadi ya sokoni huja na chumvi na udongo wake, kwa hiyo kijiko kilichojaa si kijiko cha magadi matupu. Kikomo kikiwa ni asidi, ujazo wa puto hautegemei asidi peke yake, unategemea pia iko na nani.

Lakini kusinyaa ndiko kulikonifurahisha. Kwenye bekingi soda, ziada inakaa kimya na puto linabaki lilivyo. Kwenye magadi, ziada haitulii. Ile sehemu ya kaboneti ina njaa ya asidi kuliko mwenzake. Ikipata chembe ya asidi huimeza na kugeuka haidrojeni kaboneti, bila kutoa gesi yoyote. Magadi yakiwa mengi kupita kiasi, sehemu ya asidi inaliwa hivyo kimyakimya. Unga ulipoanguka kwa kishindo kwenye siki, gesi ilitoka haraka kabla mambo hayajajipanga, puto likajaa. Kisha kaboneti iliyobaki majini ikaanza kuifuata gesi ileile iliyokwisha kutoka:

Na₂CO₃ + H₂O + CO₂ → 2NaHCO₃

Puto lilikuwa linanyonywa kutoka chini. Ungetikisa chupa lingesinyaa upesi zaidi. Kwa hiyo ukichora grafu ya magadi hutapata kiwiko, utapata kilima: inapanda, inafika kilele, inashuka. Kwa mililita zako 100 za siki, magadi safi yangefika kilele kwenye gramu 6.3 hivi. Sisemi uwape kidato cha tatu milinganyo hii yote. Ila wale wawili watatu wanaobaki baada ya kengele, wape.

Swali linalofuata huwa ni nini kitumike. Ukiniuliza mimi, baki na siki na bekingi soda kwa somo la kwanza, kwa sababu moja kwa moja ni moja kwa moja. Limao linawezekana na ni la bure msimu wake, lakini asidi yake kuu, ya sitriki, ina meno matatu: molekuli moja inamaliza chembe tatu za soda. Ni somo zuri la pili, na la kwanza litawachanganya. Magadi yaache ya tatu, kama fumbo. Jihadhari na bekingi pauda. Makopo yanafanana, na dukani watakwambia ni kitu kimoja. Si kimoja. Bekingi pauda ina asidi yake kavu na wanga ndani, inatoa povu hata kwenye maji matupu, na hesabu zako zote zitaharibika. Kabla ya kuanza tia kijiko kwenye maji ya bomba. Ikichemka, rudisha dukani.

Mizani ikikosekana kabisa, kijiko kinatosha ili mradi ni kimoja na kinasawazishwa na mkono mmoja. Chagua mwanafunzi mtulivu awe mpimaji wa chupa zote tano. Ukiwapa watano kila mmoja na mkono wake, utapima tabia zao.

Kuna jambo huwa linachanganywa na hili: mwendo. Ukipasha siki moto, puto litajaa haraka, na wanafunzi watasema joto limeongeza gesi. Joto linaharakisha safari, halirefushi njia. Puto la moto litaonekana kubwa kidogo kwa kuwa gesi imetanuka na maji ya moto hayashikilii gesi nyingi. Liache lipoe ndipo upime.

Sasa ya usalama, kwa ufupi. Usifunge chupa kwa kizibo au kifuniko, hata kwa mzaha. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliziba chupa ya namna hiyo kwa kizibo cha mpira nikitaka kuwaonyesha "nguvu ya gesi". Kizibo kiligonga dari, kikaacha alama iliyonisuta mpaka nilipohama, na siki ikamwingia mwanafunzi wa mbele machoni. Tulimsafisha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano nzima kwa saa, tukampeleka kituo cha afya, akawa salama. Mpaka leo situmii kitu kingine isipokuwa puto, kwa sababu likizidiwa linachomoka au linapasuka tu. Wewe pia, ikitokea la macho, osha kwanza kwa muda huo halafu mpeleke kituoni hata kama anasema hapati maumivu.

Na tafadhali, siki ikikosekana usikimbilie asidi ya betri kwa fundi wa magari. Najua inafanyika. Ile ni asidi ya salfuriki inayotoboa nguo na ngozi, na soda ikiangukia ndani yake inarusha matone. Ukitaka kufanya somo hilihili kwa asidi hidrokloriki na magnesiamu, ambako gesi inayotoka ni haidrojeni na inashika moto, usijifunze kwa maandishi yangu. Nenda shule ya mjini yenye fundi maabara, mwombe akusimamie mara ya kwanza kwa macho yake, uone anavyoshika na anavyomwaga. Hukohuko omba na mizani, pima kijiko chako mara tano na uchukue wastani. Safari moja ya baiskeli itakupa namba ya kutumia miaka.

Darasani ningeanza kwa kuwaambia wazi: "Wiki iliyopita niliwapa kanuni ya gramu chache. Haikuwa sahihi, na mwenzenu ndiye aliyeinasa." Kisha ningerudia zile chupa tano za siki na bekingi soda, bila kumwaga kitu mwishoni. Weka ya kwanza na ya tano mezani, maputo yametolewa, zote mbili zimetulia, maji matupu kwa kuangalia. Ya kwanza ina asidi iliyokosa soda, moli kama 0.056. Ya tano ina soda iliyokosa asidi, moli kama 0.054. Chukua beseni, wape kila mmoja aandike kwenye daftari kitakachotokea zikimiminwa pamoja, na kipi kitakwisha kwanza safari hii. Wakishaweka kalamu chini, mpe yule binti amimine.